Miezi miwili ya kushika jiko

Kwa miaka kumi na moja kazi yangu nyumbani ilikuwa kutoa hela ya matumizi na kuuliza maswali. Mkaa umeisha tena? Umeme wa juzi umekwenda wapi? Mbona bili ya maji imepanda? Nikishauliza, basi, naona nimesimamia nyumba. Mama watoto alikuwa na jibu lake moja: "Iko siku nitakuachia hili jiko."

Siku hiyo ilifika mwezi Machi, mwaka juzi. Mama mkwe wangu aliteleza kwenye tope uani kwake Muheza, akavunjika mguu. Mama watoto akapanda basi la Tanga alfajiri, akaniachia watoto watatu, nusu gunia la mkaa, mtungi wa gesi wa kilo sita, na agizo: "Gesi ni ya chai na kupasha. Maharage pika kwa mkaa." Ndivyo zinavyokwenda nyumba nyingi za Dar es Salaam, na kwetu Pugu Kajiungeni hatuna tofauti. Gesi inaogopwa kuisha, mkaa unaaminiwa.

Nusu gunia ambalo kwa mkono wake lingefika wiki mbili, mimi nililimaliza kwa siku sita.

Nilijua kwa nini baadaye sana, maana wakati ule niliona mkaa wenyewe ni mbovu. Nilikuwa nawasha jiko kwanza, ndipo nakaa kuchambua mchele. Jiko limeshakolea, mimi bado natafuta kisu. Nilijaza mkaa mpaka ukingoni hata kwa sufuria ya mayai mawili. Mfuniko niliuweka pembeni ili nione chakula kinavyokwenda, kama kwamba kisipoangaliwa hakiivi. Tukishakula, makaa mekundu yanabaki yakijiwakia peke yake hadi saa nne usiku, na mimi nipo sebuleni naangalia mpira.

Siku ya saba nikaenda kununua gunia. Muuzaji akanipa bei, nikamwomba aitaje tena. Nikamuuliza mkaa unatoka wapi siku hizi, akasema huu wa Rufiji, ule pale wa Kilwa, na wa Handeni utaingia kesho. Sisi tunaoishi Pugu tuna msitu hapo mlangoni, Pugu na Kazimzumbwi, na wazee wa hapa wanakumbuka enzi ambazo mkaa ulitoka humohumo. Leo ni hifadhi, na yapo maeneo ambayo bado unaona jinsi ulivyoliwa. Mkaa wetu umehamia mbali kwa sababu wa karibu tulishauchoma.

Binti yangu, aliyekuwa darasa la sita, ndiye aliyenitia kwenye hesabu. Aliuliza gunia moja ni miti mingapi. Kwa matanuri ya udongo yanayotumika huku kwetu, kilo moja ya mkaa inakula kilo tano hadi kumi za kuni, kutegemea ukavu wa mti na ujuzi wa mchomaji. Gunia letu halikupungua kilo hamsini. Robo tani ya miti basi, pengine nusu tani. Binti akaandika kwenye daftari lake la hesabu lililoisha, mstari wa kwanza: "Gunia, tarehe 19." Daftari hilo ndilo lililobadilisha mambo, kuliko hotuba yoyote ya mazingira niliyowahi kuisikia, na kazini kwangu tunazisikia nyingi.

Mkwe wangu alikuwa kitandani, mguu kwenye plasta, hana la kufanya. Mimi na yeye kwa kawaida tunasalimiana kwa heshima, yanaishia hapo. Lakini siku moja nilimpigia mke wangu, simu ikapokewa na mama mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nasikia unachoma mkaa kama gari moshi."

Nikakaa kimya. Akaniuliza maharage naloweka saa ngapi. Nikasema siyaloweki. Akavuta pumzi, nadhani alikuwa anamwonea huruma binti yake kwa kuolewa na mimi. Kisha akaanza kunifundisha, na kwa wiki saba zilizofuata alinifundisha karibu kila jioni, bila kuonana macho, jambo ambalo lilitusaidia sote wawili.

Maharage yanalowekwa usiku kucha, maji yale yanamwagwa. Mfuniko haufunuliwi ovyo. Mkaa unawashwa kila kitu kikiwa tayari: vitunguu vimekatwa, nazi imekunwa, mchele umeoshwa. Chakula kigumu kinatangulia, chepesi kinafuata juu ya makaa yaleyale, na mwisho inabandikwa sufuria ya maji, ya kuoga watoto au ya kutia kwenye chupa ya chai. Jiko moja, kazi tatu. Makaa yaliyobaki yanaingizwa kwenye debe lenye mfuniko wa kubana. Yakikosa hewa yanazima, na kesho ni mkaa tena. Hili la debe nililifanya jioni hiyohiyo, nje uani, maana makaa hayapaswi kulala ndani ya nyumba iliyofungwa, yana hewa ya sumu isiyonuka. Asubuhi nilikuta mkaa wa kutosha kuchemsha uji, wa bure.

Halafu akaniambia habari ya kapu.

Zamani, alisema, akienda shamba alikuwa anachemsha makande, anayaingiza na sufuria yake kwenye kapu kubwa la ukili lililojazwa sufi, anafunika kwa mto wa sufi, anaondoka. Akirudi mchana makande yameiva, hakuna moto uliowaka. Sufi ile ya kwenye mito, inayotoka kwenye mti wa msufi, imejaa hewa ndani yake, na hewa iliyotulia hairuhusu joto kutoroka. Chakula kinaendelea kujipika kwa joto lake chenyewe. Nilipata kapu sokoni Gongo la Mboto. Sufi nikaikosa, nikachana mto wa zamani wa mkwe uliokuwa stoo (hilo sikumwambia), nikaongezea blanketi lililochakaa.

Wali ulitoka vizuri mara ya kwanza. Ukichemka dakika tano kwa maji kidogo pungufu ya kawaida, uweke kapuni, urudi baada ya saa moja. Hakuna ukoko, na hapa wanangu walilalamika kweli, maana ukoko kwao ndio mlo wenyewe. Lakini hakuna kuungua, na hakuna mtu wa kusimama kupepea.

Kiburi kikanipanda. Siku ya tatu nikaingiza maharage mekundu. Nilikuwa nachelewa kazini, nikaona povu limeanza kupanda, nikahesabu kwamba yamechemka, nikatia kapuni. Jioni yalikuwa laini kiasi fulani, tukala. Saa tano za usiku choo kimoja hakikututosha watu wanne.

Maharage mekundu yana sumu yake ya asili. Kuyaloweka na kumwaga maji kunasaidia, ila kinachoiua ni mchemko mkali usiopungua dakika kumi. Joto la vuguvugu linayalainisha bila kuondoa sumu hiyo, na hata linaweza kuizidisha. Mkwe aliponiuliza nilichemsha muda gani, nikasema kidogo. "Kidogo ni saa ngapi, baba?" Tangu siku hiyo maharage kwangu yanachemka kwa fujo dakika ishirini kwa saa ya ukutani, ndipo yanakaa kapuni kwa muda wa saa nne, na yakitoka yanachemshwa tena na nazi. Mkaa wa maharage, ambao zamani uliwaka saa tatu nzima, sasa ni mafungu mawili ya moto mfupi. Gunia lile la tarehe 19 lilifika siku thelathini na nne. Daftari lipo.

Ule usiku wa choo ulikuwa na faida yake nyingine. Nikiwa nimekaa pale gizani kwa mara ya sita, nilisikia kijisauti. Maji yalikuwa yanachuruzika taratibu kutoka tangi la choo kuingia kwenye bakuli, bila mtu kuvuta. Sauti ndogo, mchana huisikii. Asubuhi nilitia bulu ya kufulia ndani ya tangi nikakataza watu wasivute maji. Nusu saa baadaye bakuli lilikuwa la bluu. Fundi alibadilisha mpira mmoja, kazi ya dakika kumi. Bili ya mwezi uliofuata ilishuka kwa uniti tano, na uniti moja ya maji ni lita 1,000. Mimi niliyekuwa nawagombeza watoto wasicheze na kikombe bombani nilikuwa nikimwaga madumu 250 ya lita ishirini kwa mwezi, usiku na mchana, na naitwa baba mwenye nyumba.

Ndiyo maana siku hizi nikisikia mtu anawafundisha watoto kufunga bomba wakati wa kupiga mswaki, nakubaliana naye, kisha namuuliza lini alisikiliza choo chake.

Umeme ulikwenda njia hiyohiyo. Kila mtu nyumbani alijua kuzima taa, na taa zetu zote zikiwaka kwa pamoja hazifikii kitu. Mlaji alikuwa friji. Mpira wa mlango wake ulikuwa umelegea. Nilibana noti ya elfu moja mlangoni, nikaivuta, ikatoka kama inateleza kwenye siagi. Nyuma kwenye nyaya kulikuwa na vumbi la miaka, na friji lenyewe lilikuwa limesukumwa hadi ukutani, halipumui. Nilipangusa, nikalisogeza mbele kiganja kimoja, mpira nikaukanda kwa maji ya moto ukarudi kubana. Sisi tupo kwenye daraja la watumiaji wadogo wa LUKU, lile ambalo ukivuka uniti 75 kwa mwezi bei ya uniti inaruka, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi tulikuwa tunaumia bila kujua mchawi ni nani. Aprili tulimaliza na 68. Na pasi pia: nguo za shule za wiki nzima Jumapili jioni, pasi ikishapata moto ndiyo hiyohiyo. Kupasha pasi kila asubuhi kwa shati moja ni tabia ya mtu asiyelipa umeme, na nilikuwa ndiye ninayelipa.

Taka ndizo zilinidhalilisha mbele ya majirani.

Kwetu gari la taka hupita mara moja kwa wiki, na magari ya taka ya mji huu yanapita barabara yetu kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi. Ukikaa kituoni asubuhi unayahesabu magari kwa pua. Siku moja nilimwaga kiroba chetu chini kabla ya gari kufika, nikachambua kwa fimbo. Theluthi mbili, labda zaidi, ilikuwa vitu vya jikoni: maganda ya ndizi, ya viazi, machicha ya nazi, wali wa juzi, majani ya chai. Vitu ambavyo havikuwa na sababu ya kupanda gari. Vikifika dampo vinafukiwa na takataka nyingine, vinaoza bila hewa na kutoa methane, gesi inayochangia kuipasha dunia, na hata kuwasha moto wa dampo.

Nikaamua kutengeneza mboji. Nikatoboa ndoo kubwa, nikaiweka nyuma ya nyumba, nikajaza maganda. Wiki ya pili, katikati ya masika, ndoo ikageuka supu. Nzi, funza, harufu. Jirani yangu ni mtu mpole, mzee wa Kizaramo ambaye hasemi jambo moja kwa moja. Alikuja, akakaa, tukaongea habari za mvua, akasifu watoto, akauliza hali ya mkwe. Akiwa anaondoka akasema, "Baba, sijui kama umepoteza paka."

Kosa langu lilikuwa unyevu. Maganda mabichi peke yake yanachacha. Yanataka vitu vikavu vya kunywa maji na kuachia hewa ipite. Nikaenda kwa fundi seremala barabarani, akanipa gunia la maranda bila kulipa, akifurahi kuondolewa. Konzi moja ya maganda, konzi mbili za maranda au majani makavu ya mwembe, koroga kila siku ya tatu, funika mvua isiingie. Nyama, samaki na mafuta usitie kabisa. Ndani ya wiki moja harufu ikawa ya udongo baada ya mvua. Kwenye mwezi wa tatu tulikuwa na mboji nyeusi, na viroba vinne tulivyopanda mchicha na kimoja cha matembele. Nilimpelekea mzee fungu la mchicha. Alilipokea, akalinusa kwanza.

Machicha ya nazi, wali na mabaki mengine laini siku hizi yanakwenda kwa kuku wa huyohuyo mzee, na mayai mawili matatu yanarudi. Kiporo ndani ya nyumba kimepungua, lakini si kwa nidhamu. Nilipokuwa napika mwenyewe nilijifunza kuuliza, "Nani yupo jioni?" kabla ya kupima mchele. Kikombe kimoja cha ziada kila siku kilikuwa kinapikwa kwa ajili ya mtu ambaye hakuja.

Kuhusu mifuko sina mengi. Ile ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, Zanzibar walishatangulia miaka mingi nyuma, na mji unaonekana tofauti, mifereji shahidi. Lakini kwenye droo la jikoni nilihesabu mifuko mbadala thelathini na saba. Mbadala wa nini, kama kila safari ya sokoni inanunuliwa mipya? Nilitundika kapu moja kwenye msumari uleule wa ufunguo wa pikipiki. Kulisahau sasa ni lazima usahau na ufunguo.

Yapo niliyoshindwa. Nilitaka tuweke ndoo bafuni ya kukinga maji ya kuogea, ya kumwagia choo. Watoto walifanya siku nne. Nilitaka kutengeneza madonge ya mkaa kwa chenga na udongo wa mfinyanzi. Yaliwaka kwa moshi, yakapasuka, nikapoteza suruali. Wapo wanaoyatengeneza vizuri sana na kuyauza. Mimi nanunua kwao.

Mama watoto alirudi mwishoni mwa Mei. Sikusema kitu, nilitaka aone mwenyewe. Alizunguka jikoni, akafunua kapu, akapapasa ule mto. "Huu si mto wa mama?" Nikamwambia ndio. Akafungua debe la makaa, akatazama ndoo ya mboji kutoka mbali, akasoma daftari ukurasa kwa ukurasa amesimama. Nilitegemea pongezi.

"Mkaa ukilinganisha na mkono wangu," akasema, "umeokoa kidogo tu. Ukilinganisha na wako ndio umeokoa mwingi."

Halafu akapanga upya. Kapu likabaki, debe likabaki. Mboji akasema yeye hakorogi, kama nataka iendelee nikoroge mimi. Na ile ratiba yangu ya karatasi niliyobandika ukutani, ya nani aloweke maharage, nani achambue taka, nani amwagilie, aliisoma akakuta jina langu limeandikwa mara moja tu, kwenye "kusimamia." Akaichana bila hasira, akaitumia kuwashia mkaa.

Ratiba ile nilikuwa nimeiandika siku mbili kabla hajarudi, na mkono wangu ulikuwa umesharudia mazoea bila mimi kugundua. Nimefikiria sana jambo hilo. Miezi ile miwili kila tabia niliyoipitisha niliilipa kwa mikono yangu, kwa hiyo niliyoona ni ya kipuuzi niliiacha, na iliyofaa ikakaa. Ile ndoo ya maji ya bafuni ilikufa kwa sababu kuibeba ni kazi ya mtoto wa miaka tisa na kuipendekeza ilikuwa kazi yangu. Nyumba nyingi naziona zinaanzisha mambo mazuri ya mazingira ambayo maana yake halisi ni kumwongezea mama au dada wa kazi saa nzima ya kuchambua, kuosha na kubeba, kisha baba anashangaa yamekufaje.

Sasa tumegawana. Alhamisi na Jumapili usiku maharage ni yangu: kuchambua, kuosha, kuloweka, na asubuhi ile dakika ishirini ya fujo kabla ya kapu. Mboji ni yangu. Choo nakisikiliza mimi. Mkwe amepona, anatembea na mkongojo, na bado ananipigia kuuliza nimepika nini. Juzi nilimpelekea mto mpya wa sufi niliouagiza, akasema ule wa zamani ulikuwa laini zaidi.

Daftari limehamia kwa mama watoto. Hela ya mkaa ninayotoa haijabadilika, mkaa unaonunuliwa umepungua, na tofauti yake sijui inakwenda wapi. Nilipouliza wiki iliyopita, niliambiwa nimalize kwanza kuchambua maharage, leo yana mawe.